Mitambo ya upepo baharini na samaki wanaohama: nani hasa anawapoteza mikunga?

#1 Mkaazi_wa_Esbjerg
Wakuu, habari za humu.

Naishi Esbjerg, Denmark, bandari inayopakia vyuma vya mitambo ya upepo inayosimikwa Bahari ya Kaskazini. Ukipita gatini unakuta nguzo zimelazwa zikisubiri meli, nyingine pana kiasi kwamba daladala inapita ndani bila kugusa ukuta.

Jirani yangu ni mvuvi mstaafu, kazi yake ilikuwa kuvua mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Yeye ana neno moja tu: mikunga wamemalizwa na mitambo hii. Mkunga wa Ulaya anakulia mitoni na pwani za huku miaka mingi, kisha akikomaa anabadilika rangi, anakuwa wa fedha, anashuka baharini na kusafiri zaidi ya kilomita 5,000 mpaka Bahari ya Sargasso, upande wa pili wa Atlantiki, kuzaa. Harudi tena. Mzee anasema zile nyaya za umeme zilizofukiwa chini ya bahari zinamvuruga dira, anazunguka palepale mpaka nguvu zinamwishia.

Naomba wenye ujuzi mniambie. Hili lina ukweli au ni hasira za mtu aliyepoteza riziki? Nauliza kwa moyo kabisa, maana ipo siku watakuja watu kuupima upepo wa kusi huko nyumbani, na nguru na jodari wetu nao ni wasafiri.

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimeshakaa. Waje wataalamu.

#3 FundiWaya
Mleta mada, nimefanya kazi ya umeme miaka mingi, ngoja niseme upande wangu.

Waya wa baharini una gamba la chuma nje, na ndani kila msokoto umefunikwa. Uga wa umeme unabaki humo humo. Uga wa sumaku ndio hautafuniki, unatoka. Samaki akikatiza kwenye sumaku hiyo, au maji ya mkondo yakipita juu yake, unazaliwa umeme mdogo ndani ya maji. Kwa hiyo mzee hajaota, kitu kipo.

Ila ni kidogo. Waya hufukiwa mita moja au mbili chini ya mchanga, na sumaku hupungua haraka ukiongeza umbali. Tena kuna tofauti kubwa kati ya umeme geu na umeme mnyoofu. Umeme geu wa huko Ulaya unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, sumaku yake nayo inageuka hivyo hivyo, sidhani kama dira ya samaki inaishika. Umeme mnyoofu, unaotumika kwa mashamba ya mbali sana, sumaku yake imetulia kama ya dunia yenyewe, inajumlishwa nayo au kutolewa. Huo ndio wa kuuogopa.

#4 Msomi_wa_Göteborg
FundiWaya umeeleza vizuri, lakini hapo kwenye umeme geu nakupinga.

Wasweden walifanya jaribio kwenye mlango bahari wa Kalmar, kati ya bara na kisiwa cha Öland. Kuna waya wa kilovolti 130, umeme geu. Waliwafunga mikunga 60 wa fedha vitoa sauti vidogo, kila mmoja na sauti yake, wakawaachia kaskazini ya waya na kutega vipokezi njiani. Mikunga walipofika eneo la waya walipunguza mwendo, wakishapita wakarudia kasi yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kwa nini walipunguza, watafiti wenyewe walikiri kwamba hawajui.

Zingatia hili: walipunguza, HAWAKUZUIWA. Kuchelewa kwenyewe hakufiki hata saa moja, kwa safari ya miezi.

Halafu kuna Lillgrund, mitambo 48 kwenye Öresund, kati ya Denmark na Sweden, ambako ndiko mlango wa mikunga kutoka Baltiki. Walifuatiliwa pia. Wengi walipita salama. Kulikuwa na dalili kwamba baadhi hutumia muda mrefu zaidi mitambo inapozalisha umeme mwingi, lakini dalili hiyo haikuwa na nguvu ya kuitwa jibu.

#5 Mzee_wa_Dema
Assalamu alaykum wana jukwaa. Mimi ni mvuvi, niko Pemba.

Huku waya tunao. Umeme wetu unatoka Tanga kwa chini ya bahari tangu mwaka 2010. Unguja nao wanao wao, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mkondo wa Pemba ndio njia ya jodari, nguru na nduaro, na waya umelala papo hapo. Samaki tunapata na tunakosa, kama kabla ya waya. Nguru hupita juu, waya uko chini kabisa, watajuana wapi?

Kinachonishughulisha mimi si waya. Ni hizo nguzo. Chuma kikisimama baharini, samaki hujaa. Chombo kikizama mahali, mwaka haupiti utakuta chewa na changu wamekaa. Sasa huyo mkunga msafiri akipita kwenye nguzo mia, kila nguzo ina wenyeji wenye njaa, atafika wangapi?

#6 Sabaki_Mdomoni
Mzee wangu hapo umegusa penyewe, nitarudi. Kwanza nimjibu mleta mada kuhusu tarehe, maana hesabu ya jirani yake haikubali.

Vichanga vya mikunga wanaofika pwani za Ulaya walianza kuporomoka miaka ya 1980, na mpaka leo wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Shamba la kwanza duniani la upepo baharini ni Vindeby, hapo hapo Denmark, mwaka 1991. Mitambo 11 tu, yote pamoja haifiki megawati 5. Mwaka 2017 waling'oa. Aliyekuja baadaye atamuuaje aliyekufa kabla?

Wauaji wanajulikana. Mabwawa ya umeme wa maji: mkunga akishuka mtoni anapita kwenye mapangaboi ya bwawa, na mkunga ni mrefu, anakatwa. Kuna mnyoo uliokuja na mikunga wa Asia, unaingia kwenye kifuko chake cha hewa, anashindwa kuogelea kina kirefu. Kuna magendo ya vichanga kwenda Asia, ingawa Umoja wa Ulaya umefunga biashara hiyo tangu mwisho wa 2010. Na uvuvi wenyewe, jirani yako akiwemo, samahani kwake.

Sisi Kenya tuna mikunga wa mito pia, Tana na Athi, wanaoshuka Bahari ya Hindi kuzaa. Mabwawa ya Tana yamewafungia juu. Upepo haumo.

#7 Mkaazi_wa_Esbjerg
Sabaki_Mdomoni, nimemfikishia jirani. Amekubali tarehe, akajibu kwamba mgonjwa aliyelala kitandani ndiye hapaswi kupigwa hata kofi moja. Sikuwa na la kumjibu.

Niongeze alichonieleza, kwa sababu kinahusiana na #4. Wao walikuwa wakitega nyavu za kusimama, mstari mrefu wa vigingi kutoka ufukweni kwenda nje, mwisho wake kuna chumba cha wavu. Wandugu wa pwani mtaitambua, ni uzio tu. Mkunga wa fedha husafiri vuli, usiku wa giza, hasa dhoruba ikipiga. Mbalamwezi hakuna kitu. Wasweden wa pwani ya kusini wana jina kabisa la giza hilo la mikunga.

Sasa yeye anauliza: mitambo ina taa nyekundu juu, zinawaka usiku kucha. Taa je?

#8 Mzee_wa_Dema
Hata sisi wa dagaa tunasubiri giza, karabai haivuti kitu mbalamwezi ikiwaka. Mwambie huyo mzee salamu kutoka Pemba, tunaelewana bila mkalimani.

#9 Msomi_wa_Göteborg
Taa za juu zimewekwa kwa ajili ya ndege, ziko mita mia na kitu angani. Kinachofika majini ni kidogo mno. Sijaona mtu aliyelifanyia kazi kwa mikunga, ila nisingeanzia hapo.

#10 Nyundo_Kubwa
Mnahangaika na waya na taa, hamjaongelea KELELE. Nilikuwa kibarua kwenye meli ya kusimika nguzo, upande wa Ujerumani. Ile nguzo aliyosema mleta mada inapigwa na nyundo ya haidroliki mpaka izame mita 30 hivi chini ya sakafu ya bahari. Mapigo maelfu kwa nguzo moja. Ukisimama sitahani unausikia mpigo kwenye meno.

Ujerumani wana sheria: ukiwa mita 750 kutoka kwenye nguzo, mpigo mmoja usizidi desibeli 160. Ili kufikia hapo inazungushwa mipira yenye matundu sakafuni, inapulizwa hewa kutoka melini, yanapanda mapovu pande zote kama pazia. Mara nyingi pazia mbili, moja ndani ya nyingine. Ukiangalia kutoka juu unaona duara jeupe linachemka katikati ya bahari ya kijivu. Na nyundo inaanza polepole ili wanyama wapate kuondoka.

Sheria yenyewe iliwekwa kwa ajili ya pomboo wadogo wa huko. Samaki wamefaidika kwa bahati.

#11 FundiWaya
Kelele hizo ni za miezi ya ujenzi tu. Waya unakaa miaka 25.

#12 Nyundo_Kubwa
Miezi hiyo ikiangukia msimu wa kupita samaki je? Msimu mmoja ni kizazi kimoja.

#13 Ubelgiji_Kariakoo
Niko Oostende, hapa mbele yetu kuna mashamba ya upepo tangu 2009. Nyundo_Kubwa, nakuongezea lililonishangaza.

Watafiti waliwawekea vitoa sauti torsk, yule samaki mweupe anayeliwa na chipsi Uingereza, wanaoishi kwenye mashamba yetu, kisha wakawafuatilia nguzo za shamba jirani zikipigwa nyundo. Kila mtu alitegemea watakimbia. Wengi hawakuondoka. Walijisogeza karibu zaidi na mawe yaliyomwagwa kuzunguka nguzo. Yaani walijificha nyumbani.

Sasa utasema hawakudhurika? Mimi nasema hapana, hujui. Mtu anayebaki kwenye nyumba inayotikiswa hajasema anafurahia. Torsk ana kifuko cha hewa ndani ya mwili, mpigo ukipita kinabanwa na kutanuka. Heringi ni hivyo hivyo. Jamaa wa vibua wa huku, makreli, hana kifuko, na samaki bapa wanaolala mchangani hawana, ingawa hata wao huhisi maji yakitikisika. Kwa hiyo tukisema "samaki wanaathirika" au "hawaathiriki", tunamzungumzia yupi?

#14 Binti_Sur
Salaam kutoka Oman. Huku kwetu Sur watu wanajua papa kuliko torsk, na nashangaa hamjamtaja. Papa na taa (yule samaki bapa, si taa ya kuwaka) wana vitundu puani vyenye ute, wanahisi umeme mdogo wa moyo wa samaki aliyejifukia mchangani. Kama kuna kiumbe ataujua waya ni wao. Na papa ni msafiri. Nimesoma kwamba Marekani walithibitisha papa wanavutwa na nyaya.

#15 Msomi_wa_Göteborg
Binti_Sur, hoja yako ni nzuri, ila jaribio unalolisema nadhani ni la taa. Ni lile la mlango wa Long Island, kwenye waya wa umeme mnyoofu unaotoka Connecticut. Walijenga vizimba vikubwa majini, kimoja juu ya waya, kingine mbali nao, wakaweka taa wadogo na kambakoche. Kambakoche walibadilika kidogo. Taa walibadilika wazi: walitembea umbali mrefu zaidi, polepole, karibu na sakafu, kama mtu anayetafuta kitu. Lakini nao hawakuzuiwa kuvuka.

Hofu ni kwamba taa anatafuta chakula pasipo na chakula, anachoma nguvu bure.

#16 Binti_Sur
Shukrani. Kwa hiyo mkunga anapunguza mwendo, taa anahangaika. Kila mmoja na lake.

#17 Kiti_cha_Mbele
Na mimi nimekaa tu. Endeleeni.

#18 Sabaki_Mdomoni
Nimerudi kwa #5. Mzee wa Dema anasema nguzo zinakusanya walaji. Lillgrund walilikuta hilo: torsk, na hata mikunga wa manjano, yaani wale ambao hawajaanza safari, walikuwa wengi zaidi karibu na nguzo kuliko mita chache mbali. Kwa hiyo mkunga mkaazi kapata makao, mkunga msafiri kapata vikwazo. Ni samaki yule yule katika umri tofauti!

Swali ambalo halijafungwa: samaki wameongezeka au wamehamishwa tu kutoka pengine? Ukihesabu chini ya nguzo peke yake utafurahi bure.

#19 Ubelgiji_Kariakoo
Na msisahau kwamba ndani ya mashamba ya Ubelgiji nyavu za kukokota haziruhusiwi. Samaki wakijaa humo, ni kwa sababu ya mawe au kwa sababu hakuna anayewavua? Uingereza sheria haikatazi, lakini wavuvi wengi wenyewe wanaogopa kunasa waya. Wavuvi wa hapa wamebanwa kwenye eneo dogo lililobaki, wanapigana vikumbo. Huo ni uchungu wa kweli, na hauonekani kwenye utafiti wa samaki.

#20 Mzee_wa_Dema
Hapo ndipo pananihusu. Huku kwetu anayevua kwa ngalawa na mshipi ataambiwa atoke? Mtu wa meli kubwa ana pa kwenda. Mimi siendi zaidi ya pale tanga linaponifikisha na kunirudisha.

#21 Bay_Area_Mswahili
Wakuu, niko California. Mnayoyasema yamenikumbusha waya wa umeme mnyoofu uliowekwa chini ya ghuba ya San Francisco mwaka 2010, urefu kama kilomita 85. Unapita kwenye njia ile ile ambayo vichanga vya samoni hushukia kwenda bahari kuu, na papa-taa wale wa mtoni, sturgeon, hupandia.

Walikuwa na takwimu za samoni kabla ya waya na baada yake, bahati ambayo wengi hawana. Idadi ya waliofanikiwa kufika baharini haikupungua kwa sababu ya waya. Kuna waliovutika kidogo pembeni ya njia ya kawaida, basi. Tena walipopima sumaku, madaraja ya chuma ya ghuba yalikuwa yanavuruga kuliko waya, na samaki wamepita chini yake miaka na miaka.

#22 Msomi_wa_Göteborg
Sturgeon si papa wala taa, mkuu, ni ukoo wake peke yake. La madaraja ni muhimu sana. Lillgrund iko jirani na daraja la Öresund, sasa mkunga akisitasita pale, lawama tumpe nani?

#23 FundiWaya
Nilisema mimi. Sumaku ni kidogo.

#24 Fjord_Mtoto_wa_Tanga
Kidogo kwa samaki mkubwa. Niko Bergen, Norway. Hapa walichukua vichanga vya hyse, ukoo mmoja na torsk, vyenye ukubwa wa ukucha, wakavipitisha kwenye sumaku ya kiasi kinacholingana na waya wa umeme mnyoofu. Vingi vilipunguza mwendo, kwa zaidi ya nusu. Kuna vichache vyenye tabia ya kuchunguza, hivyo havikujali.

Kichanga hakiogelei kwa nguvu zake tu, kinabebwa na mkondo na kujirekebisha kidogo kidogo. Ukipunguza hayo marekebisho, kinatupwa kwingine kabisa. Mnabishana kuhusu mkunga aliyekomaa, mkubwa kama mkono, mnasahau aliyezaliwa juzi.

#25 FundiWaya
Hilo lilikuwa kwenye tangi au baharini?

#26 Fjord_Mtoto_wa_Tanga
Tangi maalumu la sumaku. Baharini bado. Lakini jibu lako la "ni kidogo" nalo halijatoka baharini.

#27 Hali_ya_Hewa_TZ
Naingiza jambo jingine. Mtambo unavuna nguvu za upepo, kwa hiyo nyuma yake upepo umepungua, kwa kilomita kadhaa. Upepo ndio unaokoroga bahari: maji ya juu yenye joto na ya chini yenye rutuba. Ukipunguza kukoroga, vijimea vinavyolisha kila kitu navyo vinabadilika. Watafiti wa Ujerumani walipiga hesabu kwa kompyuta mwaka 2022, wakaweka mashamba yote yaliyopangwa Bahari ya Kaskazini, wakapata kwamba sehemu nyingine vijimea vinapungua hadi asilimia 10 na nyingine vinaongezeka kiasi hicho.

Heringi hafuati sumaku, anafuata chakula. Chakula kikihama, njia inahama. Pwani yetu ndiyo inayoelewa hili kuliko wote, maisha yote yanakwenda kwa kaskazi na kusi.

#28 Sabaki_Mdomoni
Na bahari yenyewe inapata joto. Torsk wa Bahari ya Kaskazini wamesogea kaskazini hata pasipo na nguzo. Ukiweka mitambo ili kupunguza joto, halafu samaki wakahama kwa joto, mtu atasema mitambo imewafukuza.

#29 Mkaazi_wa_Esbjerg
Asanteni sana wote. Nimekaa na jirani nikamsomea #4, #15 na #24 kwa Kidenmark. Amesikiliza kimya, kisha akaniuliza kitu ambacho nakileta kwenu: je, kuna waliohesabu mkunga mmoja akivuka waya wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi? Kutoka Baltiki mpaka Atlantiki hakutani na waya mmoja. Saa moja hapa, saa moja pale, na mkunga wa fedha hali chochote njiani, anaishi kwa mafuta aliyobeba mwilini.

#30 Msomi_wa_Göteborg
Mzee ameshika penye uzito. Majaribio karibu yote ni waya mmoja, shamba moja. Mwaka 2022 ndipo ilipothibitishwa kwa vitoa ishara kwamba mkunga aliyeachiwa visiwa vya Azores, huko Atlantiki, amefika Sargasso, miaka mia moja tangu Mdenmark Johannes Schmidt aseme huko ndiko wanakozaliwa. Ikiwa safari yenyewe tumeiona juzi, gharama ya kila kizingiti njiani tutaijua lini?

#31 FundiWaya
Kuchelewa kidogo kwa safari ya miezi hakumuui mtu. Bado nasema mabwawa.

#32 Nyundo_Kubwa
Bado nasema nyundo.

#33 Mzee_wa_Dema
Mimi nina ombi, si ubishi. Nimeambiwa na kijana wangu aliyenisomea uzi huu kwamba kule Nysted, Denmark, walitega nyavu pande zote mbili za waya wakalinganisha, na samaki walivuka ila baadhi ya aina mwendo wao ulionyesha kubadilika. Jambo hilo halihitaji meli ya mamilioni. Madema tunayo. Kwenye waya wenyewe kutia nanga ni marufuku, lakini mbali kidogo, huku na huku, inawezekana. Wenye vyuo vya Unguja na Dar mliomo humu, njooni tutege pamoja kabla hajaja mtu wa nguzo, ili siku akija tuwe na hesabu ya kabla, kama hao wa California.

#34 Fjord_Mtoto_wa_Tanga
Mzee, dema linakamata changu na tasi, wakaazi wa mwambani. Nguru na jodari hawaingii demani. Kwa wasafiri utahitaji vitoa sauti na vipokezi.

#35 Mzee_wa_Dema
Najua nguru haingii demani, mwanangu, nimezaliwa baharini. Anza na taa na mikunga, wanaolala chini karibu na waya. Hao vipokezi mtuletee nyinyi mlioko huko.

#36 Binti_Sur
Na papa, mzee. Tafadhali msimsahau papa.